Shavu Moja la Baba Mukubwa

Miaka ya vita, hapa Kindu, askari mmoja alinivunja vidole vya mukono wa kuume kwa kitako cha bunduki, eti wembe wangu ulimukwaruza kidevu. Nilikuwa kijana, naota saluni yangu mwenyewe yenye kioo kikubwa. Sikukubali kuacha kazi ya kunyoa. Nikaufundisha mukono wa kushoto: nilipaka papai bichi povu la sabuni, nikalinyoa kwa wembe wa kukunja. Nikikosea, utomvu mweupe ulichuruzika. Ilipita miezi mpaka papai likabaki kavu.

Muntu wa kwanza kumunyoa kwa mukono huo alikuwa baba mukubwa, kaka ya baba yangu. Alifumba macho, akatulia. Shavu moja lilimalizika bila tone la damu, nami nikafurahi sana. Halafu njo akafumbua macho.

"Weye! Kushoto? Mukono wa chooni unishike uso?"

"Baba mukubwa, ule mwingine askari aliuvunja. Ulikuwa umeketi hapa hapa, ukaangalia chini."

"Ningefanya nini? Wanipige risasi?"

"Sikuomba ufe. Lakini mbele ya askari ulinyamaza, kwangu mimi njo unapata sauti?"

Aliondoka na povu kwenye shavu la pili, akakatiza soko hivyo hivyo, watu wanacheka. Mimi sikucheka.

Leo kioo kikubwa kiko ukutani, na vijana wanapanga foleni wanyolewe kwa mukono huu huu wa kushoto. Baba mukubwa akipita ananisalimia, naitika. Lakini kwenye kiti changu hakai mpaka aombe msamaha.