Injini Iliyouzwa Sirari

Gari la baba lilikuwa la Kimarekani, la milango miwili, pua ndefu, na mistari miwili myeusi juu ya boneti. Babu ndiye aliyetoa ng'ombe kule Nyanungu likanunuliwa kwa mzungu wa mgodini aliyekuwa akirudi kwao. Kwa hiyo lilikuwa mali ya ukoo, ingawa aliyeliendesha ni baba.

Nilipopata akili lilikuwa limeshafungwa injini ndogo ya pikapu. Tuliambiwa kwamba ile ya asili, ya silinda nane, iliibwa na baba mdogo akaiuza Sirari, mpakani. Babu alimfukuza, naye akahamia Kenyamonta, na sisi watoto tukakatazwa kumwamkia. Siku moja nilikutana naye mnadani. Alininyooshea mkono, nikampa mgongo.

Baba alipofariki nikaamua kulirudisha gari lake katika hali ya kwanza. Nilikwangua rangi ya buluu, chini yake nikakuta nyeupe, na chini kabisa rangi ya chungwa iliyokolea. Usukani wa asili niliupata kwa fundi mmoja hapo mjini, ameutundika ukutani kama pambo. Ikabaki injini. Namba yake ilikuwa kwenye kadi ya gari, nikaenda nayo Sirari, duka kwa duka, hadi kwa mzee mmoja muuza spea.

Aliisoma namba, akavua miwani.

"Hii niliinunua mimi. Aliileta mwenye gari."

"Mdogo wake," nikamsahihisha.

"Hapana. Mwenyewe, yule mrefu aliyekatika kidole."

Baba alikatwa kidole na feni ya lori kabla sijazaliwa. Mzee akafungua daftari lake la zamani. Palikuwa na namba ileile, na chini yake sahihi ya baba, ile yenye mkia mrefu iliyokuwa kwenye ripoti zangu zote za shule.  Nikakaa juu ya tairi lililokuwa mlangoni.

Kesho yake nikaenda Kenyamonta. Baba mdogo alikuwa anapepeta ulezi uani.

"Shikamoo, baba mdogo."

Akaweka ungo chini. "Marahaba, mura," akasema, yaani kijana kwa lugha ya kwetu.

Nikamweleza nilichokiona. Hakushangaa.

"Mimi ndiye niliyemsaidia kuishusha," akasema. "Aliniambia nisijali, atawaeleza wazee mwenyewe. Akawaeleza kwamba nimeiiba mimi."

"Na wewe hukujitetea?"

"Nilijitetea. Babu yako akauliza nina shahidi gani. Nikamtaja mama yako, maana alikuwepo tulipokuwa tunaifungua. Mama yako akainamisha kichwa, hakusema neno."

Niliporudi nyumbani Turwa nilimkuta mama anachambua maharage. Nikamuuliza kama alijua. Mikono yake haikusimama.

"Unafikiri kiwanja hiki kilitoka wapi?" akasema. "Ningesema, tungekaa wapi na ninyi wadogo?"

 Chumba nilimokulia, ukuta niliopimiwa kimo changu, vyote vilinunuliwa kwa kuchafua jina la mtu mwingine. Nilimlilia baba kaburini nikijua namlilia mtu mnyoofu. Na mama, ambaye hakuwahi kuniachia uongo hata wa sukari iliyolambwa, aliniangalia miaka yote nikimchukia mtu asiye na kosa, akanyamaza.

Niliwaita ndugu pale nyumbani, nikawasomea namba iliyo kwenye kadi na ile niliyoinakili kutoka daftari la muuza spea, nikawaambia sahihi iliyo chini yake ni ya baba. Shangazi alinikemea kwamba namvua marehemu nguo. Wengine walitazama chini. Baba mdogo alikuwa amekuja, amevaa koti lake la kanisani, amekaa karibu na mlango. Nikapiga magoti mbele yake, nikaomba radhi kwa ile siku ya mnadani. Akaniwekea mkono kichwani, akasema yamekwisha.

Kati yake na mimi yalikwisha. Mama alikuwa amepika ugali na nyama. Baba mdogo alikula kidogo, akanawa, kisha akaaga watu wote mmoja mmoja kwa mkono. Alipofika kwa mama alipita bila kumpa mkono, akaenda zake.