Matawi ya Kufunga Njia

Mama yangu hakuwahi kumruhusu mtu yeyote akate tawi bichi katika ekwar yake. Ekwar ni kipande cha ukingo wa laga, yaani mto mkavu, pamoja na miti yake. Familia moja hukishika, na majirani wote wanajua ni cha nani. Hakuna hati, hakuna ua. Ekwar yetu iko kati ya Kakuma na Kalobeyei. Ilikuwa ya baba, na alipofariki Mama akabaki nayo. Miti yenyewe ni migunga. Kiangazi kikikaza na nyasi zikiisha kabisa, maganda yake ya mbegu hudondoka mchangani, mbuzi wakayala, wakavuka hadi mvua. Hiyo ndiyo akiba yetu. Nyingine hatuna.

Mimi ni mpishi katika chuo kimoja mjini Lodwar, na hurudi nyumbani chuo kikifungwa. Kila nikirudi nilikuta njia ya magari ndani ya laga imepanuka. Zamani ilikuwa njia ya mbuzi tu. Halafu yakaja malori ya kuchota mchanga, maana Kalobeyei inajengwa na kila anayejenga anataka mchanga. Nyuma ya malori zikaja pikipiki. Lami ipo, nzuri tu, wala haiko mbali. Lakini kwenye lami kuna kizuizi cha polisi, na vijana wengi wa bodaboda hawana leseni, hawana bima, na kofia wanaazimana. Kwa hiyo wanapita chini ya miti ya Mama. Maganda yanasagwa hadi yanakuwa sehemu ya mchanga. Mizizi imebaki nje. Mvua ikinyesha, maji yanafuata alama za magurudumu na kuchimba korongo, na pale yalipokuwa yakitandaa sasa ni pakavu. Nilikasirika. Bado nimekasirika.

Mmoja wa hao wa bodaboda ni kaka yangu. Nilimuuliza kama haoni aibu kupita na pikipiki kwenye ekwar ya mama yake mzazi.

“Sasa nipite wapi?” akasema. “Huko juu wakinishika, pikipiki inalala stesheni wiki mzima. Na watoto yangu inakula kila siku, haingoji kiangazi.”

Mama hakugombana naye. Alinitazama mimi, akaniambia niende kwa wakubwa, kwa kuwa mimi naishi karibu na serikali. Nilicheka. Ni kweli kwamba jikoni petu panatazamana na lango la ofisi ya serikali, na ukaribu wetu unaishia hapo. Hata hivyo nilikwenda. Niliambiwa nirudi, nikarudi, nikaambiwa nirudi tena. Mwishowe wakubwa walikuja, na walikuja kwa magari makubwa, wakapita ndani ya laga yenyewe, chini ya miti ile ile, ili waone uharibifu vizuri. Baraza likafanyika. Kila mtu akakubali kwamba kuanzia lami hadi kwenye kisima cha ndani ya laga, chombo chochote chenye injini ni marufuku. Wakasimika kibao cha chuma kilichoandikwa Kiingereza, wakaondoka kwa njia waliyojia.

Mama aliniuliza kibao kinasema nini.

“Kinasema magari na pikipiki zisipite.”

“Na nani atawaambia?” akauliza.

Akaamua kuwaambia mwenyewe, kwa lugha anayoijua. Kwetu, ukikuta tawi la miiba limelazwa kukatiza njia, umeshaambiwa: hapa pana mwenyewe, rudi. Hakuna anayeliruka. Hata mtoto anayechunga mbuzi analielewa. Siku hiyo Mama alichukua panga, akaenda kwenye mgunga mkubwa kuliko yote, akakata tawi la chini, bichi, lenye majani. Mimi nililishika lisianguke vibaya. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona akifanya hivyo, na sikupenda kuona.

Asubuhi ile ile lori likaja. Dereva alikuwa mtu mzima, wa Lokori, kwa wafugaji, kama alivyotuambia baadaye. Akazima injini, akashuka, akalitazama tawi.

“Ejok, mama,” akamsalimu. “Njia hii iko na mwenyewe?”

“Ya mbuzi,” Mama akamjibu.

Mzee yule alicheka, akapanda lori lake, akalirudisha kinyumenyume hadi kwenye lami. Mama alimsimulia kila mgeni habari za dereva huyo. Nakiri hata mimi niliamini mambo yamekwisha. Niliporudi Lodwar niliwaambia wenzangu jikoni kwamba mama yangu amefunga barabara kwa tawi moja.

Madereva wengi si watu wa Lokori. Wapo waliotoka mbali, wapo waliozaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na wapo wa kwetu waliokulia mjini ambao hawajawahi kuchunga hata siku moja. Hao waliona tawi tu, wakalisogeza kando. Tawi likisogezwa kando hukauka, na likikauka ni kuni. Upande wa Kakuma, kuni haziwezi kulala chini siku mbili. Likizo iliyofuata nilifuatana na Mama kwenye alama za tawi lililoburutwa, hadi kwenye nyumba za mwisho za Kalobeyei. Tukamkuta mwanamke wa Kongo anachemsha maharagwe kwa moto wa mgunga wetu.

“Mama, mutusamehe,” alisema, akasimama. “Hatukuyuwa iko na mwenyewe. Tuliona imelala mu njia, tukafikiri ni ya kutupwa.”

Nilimtafsiria Mama. Akaitazama sufuria, akawatazama watoto walioizunguka, akasema mwache, yaive. Ningependa kuandika kwamba na mimi nilimwonea huruma. Nilitamani kuimwaga ile sufuria.

Tangu hapo ikawa hivyo. Tawi likiondolewa, Mama anakata jingine. Alianza na ya chini, akaja ya katikati. Nilimwambia, “Mama, unaimaliza hii miti.”

“Nikiacha, wataimaliza wao,” akasema.

Nikarudi Lodwar kukoroga ugali wa watu. Kile kibao nacho kilikwisha kung'olewa, chuma chake nadhani sasa ni mlango wa mtu.

Kiangazi hiki kilipofika, maganda hayakudondoka. Yangedondoka kutoka wapi? Mbuzi walikwenda chini ya miti kwa mazoea, wakasimama wakitazama juu. Walianza kufa wadogo, kisha wenye mimba. Kaka yangu, ambaye si mtu mbaya, alianza kumletea Mama magunia ya pumba kutoka mjini. Aliyaleta kwa pikipiki, kupitia laga. Chakula cha mbuzi kikawa kinapita juu ya chakula cha mbuzi.

Mwezi uliopita chuo kilifungwa, na kaka yangu akanipokea stendi ya Kakuma kwa pikipiki yake. Tulipofika kwenye laga akaingia nayo kama kawaida yake. Nilikuwa nimejifunika uso kwa sababu ya vumbi. Mbele yetu, katikati ya njia, nikaona mwanamke mzee amekaa mchangani, miguu ameinyoosha, na mapajani ana kijiti cha miiba chembamba. Kaka hakupunguza mwendo. Akapiga honi mara moja, akakata kushoto, akamzunguka, tukaendelea.

“Si huyo ni Mama?” nikapiga kelele.

“Ni yeye. Anakaa tu hapo.”

“Kila siku?”

“Kila siku. Matawi iliisha. Ukisimama anakusemesha, na abiria iko na haraka. Jioni nikirudi nampatia maji.”

Nikamwambia asimame, nikashuka, nikarudi kwa miguu. Mama alinisalimu, akauliza kama huko chuoni nakula vizuri, maana nimekonda. Nilikaa karibu naye, bega kwa bega. Nilikuwa nimechoka, na nilijua kwamba hata nikienda ofisini tena, watakuja kwa magari.

Pikipiki nyingine ikatokea. Dereva akatuona tuko wawili, akapiga honi kutoka mbali, akazunguka kwa upana zaidi kuliko kaka yangu, akapita juu ya miche ya migunga iliyokuwa imefika magotini, ile iliyoota yenyewe baada ya mvua ya mwisho. Tukaisikia ikivunjika.

“Nikiwa peke yangu,” Mama alisema, “hawafiki pale kwenye miche.”

Nikainuka, nikaenda kukaa kando.