Jina kwenye ngazi ya Kileleshwa

Nyinyi mnaopiga makofi mtunzi akijitokeza kwa filamu ya mashujaa, leo siwacheki tena.

Nilikuwa nimempeleka Mum sinema huko tao. Katikati ya vita kwa skrini, mzee fulani akapita na baiskeli. Watu wakashangilia.

"Nani huyo?" Mum akaniuliza.

"Ndiye alibuni hawa mashujaa wote. Lazima wamwonyeshe. Inaboo, inachosha tu, inakutoa kwa stori."



Tukirudi, akataka tupitie Kileleshwa, kwa fleti ambazo marehemu baba alijenga akiwa fundi. Kwa ngazi ya mlangoni kuna jina lake. Alilichora na msumari, simiti ikiwa bado mbichi.

"Na hii nayo inaboo?"



Nimeruka hiyo ngazi, nisiikanyage.