Golikipa Wetu wa Salamabila

Jezi zilizoloa jasho na matope mekundu zina harufu yake, na hadi leo nikiisikia, narudi utotoni. Kule Salamabila tulizifua nyumbani, mama na mimi, kwa sababu ekipe, timu ya mpira ya pale, ilikuwa ya papa, baba yangu. Papa alikuwa mnunuzi wa dhahabu. Aliwatafuta wachezaji mmoja mmoja, huyu kutoka Lusangi, yule kutoka Kabambare, na kila mmoja akampa nafasi katika shimo lake la kuchimba, na fungu katika dhahabu itakayopatikana. Mpira na kazi, vyote vilitoka kwake. Nani angekataa, jamani?

Mimi, bado mtoto mdogo, nilimpenda golikipa, Ramazani. Alikuwa akiniita "mama mukubwa" na kunipisha njiani kama mtu mzima, nami navimba kichwa siku nzima.

Siku moja alikuja kumuaga papa. Ekipe moja ya Kasongo ilimwita, na huko ndiko mke wake na watoto walikokuwa. Nafikiri papa alikuwa karibu kukubali. Hapo nikaangua kilio.

"Papa, usimuache aende!"

Papa akacheka, akamgeukia Ramazani. "Umesikia mutoto? Bakia. Ukienda, fungu yako mu shimo unaiacha."

Walikuwa wamechimba miezi na miezi, na dhahabu ilikuwa ndiyo inaanza kuonekana. Ramazani akabaki. Jumapili ile ile alijitupa miguuni mwa mshambuliaji kuudaka mpira, goti likavunjika.

Jumapili iliyofuata wenzake waliingia uwanjani, wakavua jezi, wakaziweka chini, wakaketi vifua wazi. Kapteni akamwambia papa, bosi wao, mbele ya watu wote: "Patro, mutu akitaka kwenda, aende na fungu yake. Bila ile, leo hakuna mupira." Papa alifoka, akatishia, mwishowe akakubali. Mimi niliwachukia. Niliona wanatuvunjia ekipe yetu.

Ramazani alirudi kwao na fungu lake, nyuma ya pikipiki, mguu umefungwa ubao. Hakudaka tena.

Juzi juzi nilimkuta sokoni Kasongo, akichechemea. Alifurahi kweli, akauliza habari za papa, kisha akamwita mke wake. "Huyu ndiye ule mutoto alinililia sana," akamwambia, kama mtu anayenisifu. Mke wake aliniangalia tu.

Nililia, ndiyo. Lakini ndugu zangu, sikumlilia yeye. Nilililia kitu changu, sawasawa na papa, na aibu ile ilinibana hata nikashindwa kumwangalia yule mama usoni.