Nilimnyima Ngalula Picha Nikitafuta Lenzi

"Sasa sura ya mutoto wangu inaomba mashine gani?"

Mama Kapinga, jirani yetu, aliniuliza hivyo kwenye stesheni ya Likasi. Kosa lilikuwa langu, si la kamera.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa, nami nimerudi nyumbani nikibishana na padri, na redio, na baba. Kila kitu nilikitilia shaka! Ila magazeti ya Kifaransa ya wapiga picha niliyaamini neno kwa neno. Yalisema bila lenzi nzuri huna picha.

Mama Kapinga ndiye aliyenisuka nywele tangu utotoni. Sasa alikuwa analala kwenye saruji pamoja na mumewe na watoto, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, ambako yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Nilikuwa nimewapelekea unga. Begani nilining'iniza kamera yetu ya plastiki, filamu ikiwa ndani.

"Yaya yake, umupige Ngalula hata foto moja," alisema, akiniita dada mkubwa wa binti yake mdogo huku akimfuta mtoto makamasi. "Treni inaweza kuya hata leo."

"Na hii?" nilisema, nikiinua kamera yetu. "Hii ni ya kuchezea, mama! Itamuharibu sura. Nataka apate foto kama ile ya mama yangu, ile iko ukutani kwetu. Ile ni lenzi!"

Ndipo akaniuliza lile swali. Kisha akacheka, akafungua mdomo aseme kitu. Nikamkatiza. "Miye najua, mama. Ngojea tu."

"Umuache," mumewe akadakia. "Huyu ni wa université. Hata jua atataka tubadilishe!"

Nikaenda Kapolowe kuazima kamera ya rafiki yangu, ya Kijapani, nzito. Kesho yake nikarudi nayo shingoni, kifua mbele. Treni imeondoka! Palibaki mafiga meusi na kipande cha mkeka.

Ngalula aliugua surua njiani. Walimzika kando ya reli, haraka haraka, treni ikipiga honi. Ndugu yao aliyebaki Likasi akaja mlangoni kwetu. "Hauna hata foto moja? Ya kuweka ku meza ya matanga?"

Sikuwa nayo. Tulimlilia mbele ya mshumaa na meza tupu. Na ile filamu ilikuwa bado na nafasi! Mungu wangu, nilifanya nini?

Sasa hata sura yake inanitoroka. Uzito wa ile kamera shingoni naukumbuka. Macho ya mtoto, hapana.

Wewe unayengoja kamera bora, nakusihi, piga leo! Piga na hiyo hiyo!

Miaka mingi baadaye nilimuuliza mama ile picha ya ukutani ilipigwa studio gani. Akanishangaa. Ilipigwa uani kwetu, kwa ile kamera ya plastiki, na aliyeipiga ni Mama Kapinga.