Jioni Niliyomsema Binamu kwa Adabu

Kwenye uhakiki wa vichekesho niliingizwa na mapazia. Kituo kimoja kidogo cha runinga kilikodi ukumbi Changamwe, kiwe kinarusha maigizo mafupi ya kuchekesha kila Jumamosi baada ya magharibi, moja kwa moja, ukikosea umekosea mbele ya pwani nzima. Mapazia ya jukwaa waliyanunua kwangu, kwa sababu nauza mapazia ya mitumba sokoni Likoni na yangu hayapitishi mwanga. Tulivutana bei hadi yule kijana waliyemtuma akaomba kiti. Nilipomwonea huruma nikapunguza, lakini nikaongeza sharti: nipewe nafasi mbele, msimu mzima.

Sikuwa nafuata taa. Mtoto wa mjomba wangu alikuwa mmoja wa waigizaji. Alikuwa amepoteza kazi kwenye yadi ya makontena, na kwa muda mrefu kazi yake ikawa kukaa barazani kwake, mtaa wa Shika Adabu, akikosoa wapita njia. Kipindi hiki ndicho kilichomtoa barazani. Alivaa buibui na miwani iliyofungwa uzi, akawa bibi kizee anayejua mambo ya kila nyumba isipokuwa yake.

Sasa, kwetu mtoto wa mjomba ni mtani. Mimi humwita mume wangu, mkewe humwita mke mwenzangu, na haki ya kumtukana ninayo popote, hata matangani, jeneza likiwa bado uani. Yeye hana ruhusa ya kukasirika. Analo jibu tu, na likiwa kali zaidi watu humpigia makofi. Siku mtani akikusema kwa heshima ndipo unapoanza kujiuliza umekosa nini, au una ugonjwa gani ambao hujaambiwa.

Basi kila kipindi kikiisha nilikuwa narekodi sauti kwenye simu na kuipeleka katika kundi la mtaa wetu, Bofu. Nilianza na wengine, kwa haki na mizani, kisha nikamalizia na yeye, bila haki wala mizani. Nilisema sura ile ikikaribia kamera mafundi wajiandae kununua kioo kingine. Nilisema apakiwe kwenye lori la taka akamwagwe jaa la Mwakirunge, na Mwakirunge wakimkataa arudishwe kwa mke mwenzangu, aliyezoea. Sauti zile zikavuka mtaa, zikafika Kisauni, zikafika na kwa mtayarishaji wa kipindi. Yeye ni mwanamke kijana wa bara, mwepesi wa akili, mwenye simu mbili na subira ya moja. Akanipigia: jioni ya mwisho ya msimu nipande jukwaani nitoe tathmini, hewani.

Nilikubali upesi mno. Muuzaji akikubali upesi, ujue hajakagua mali.

Na mali yenyewe, nikisema kweli, ilikuwa kama robota lolote la mitumba: juu nguo za kuvutia, katikati matambara, chini ukibahatika koti zima. Mwanzoni walituletea karani wa ofisi ya vitambulisho anayemuuliza maiti kama ana shahidi, na ukumbi ulicheka mpaka viti vikalalamika. Kisha wakachoka. Harusi yenye wapiga muziki wawili ilirefushwa kama harusi kweli. Waigizaji wa kutoka bara walidhani Kiswahili chetu ni kile chao kikivutwa kama ulimbo. Binamu naye alikuwa na kasoro yake: akiona kicheko kinakuja alikikimbilia, akameza mwisho wa maneno, na waliokaa nyuma wakacheka kwa kuwaona wa mbele wakicheka.

Lakini kuna jioni moja. Adhana ya isha iliwakuta katikati ya igizo. Kama kawaida waigizaji walinyamaza, wakasimama walivyo mpaka iishe. Binamu ilimkuta amenyanyua kikombe cha uji, mdomo wazi. Nikaona mabega ya watu yanaanza kutikisika. Naye akaona. Akageuka taratibu, na kikombe chake, akaupa ukumbi kisogo, asimchekeshe mtu wakati ule. Adhana ilipokwisha akageuka, akamalizia uji wake, akasema, "Umepoa." Hakuna mwandishi aliyeandika hilo. Ndiyo faida ya kurusha moja kwa moja, na yeye ndiye aliyejua aitumieje.

Jumamosi ya mwisho nilifika Changamwe jua likiwa bado juu. Mtayarishaji akanivuta nyuma ya mapazia yangu mwenyewe. Akaniambia kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema kwamba wenye kituo wanataka kupunguza mwigizaji mmoja kabla ya msimu ujao, na kwamba nimewarahisishia. Nikamuuliza vipi.

"Si ni wewe umesema huyo bibi hafai? Kila wiki. Niliwapelekea wakubwa zile sauti zako zote. Watu wa Likoni wenyewe wamemkataa, sasa mimi nitabishana na nani?"

Nikamweleza utani: mjomba, mke mwenza, matanga na jeneza. Alinisikiliza vizuri tu, simu zote mbili mkononi.

"Kwa hivyo ulikuwa unadanganya, mama?"

"Sikudanganya. Nilikuwa namtania."

"Wakubwa wako Nairobi. Hawajui tofauti. Leo wanaangalia, na baada ya kipindi wananipigia. Ukirudia yale ya lori la taka, ameenda. Kama una maneno mengine, sema hayo. Lakini sema kama mtu wa maana."

Nilitaka kumtafuta binamu nimwonye. Alikuwa ameshaingia chumba cha kupakwa poda, na mlangoni alisimama bwana mmoja asiyeruhusu hata upepo. Nikajaribu kumbembeleza, mimi niliyewahi kumuuzia mtu pazia la dirisha ambalo hana. Hakuuzika.

Zamu yangu ilipofika, ukumbi ulipiga makofi kabla sijasema kitu. Walijua walichokijia. Waigizaji walikuwa wamepangwa kwenye benchi, binamu mwisho, ndani ya buibui lake, tabasamu tayari, kama mtu aliyekinga ndoo chini ya bomba. Mke mwenzangu alikuwa safu ya mbele, amekunja leso mdomoni asije akacheka mapema.

Mwongoza kipindi akaniomba niwapitie mmoja mmoja. Nikaanza na karani, nikaenda kwenye harusi, nikawasema wale wa ulimbo. Watu wakacheka. Kisha nikafika mwisho wa benchi.

"Ndugu yetu huyu," nikasema.

Kicheko kilichokuwa kinapanda kikakwama. Kwa binamu, neno "ndugu" ni baridi; ndugu ni wa kugawana naye urithi. Nikaendelea. Nikasema ndugu yetu ana kipaji cha kungoja, na nikaeleza jioni ya adhana. Nikasema ana tabia ya kumeza mwisho wa maneno, na aking'ang'ana ataiacha. Nikasema kipindi bila yeye kitakuwa na maneno mengi na watu wachache. Nilisema kwa adabu, nikipima, nikiwaangalia wakubwa wa Nairobi ndani ya kile kijicho chekundu cha kamera.

Ukumbi ulikaa kama umeambiwa kuna msiba. Bibi mmoja katika safu za nyuma akamuuliza mwenzake kwa sauti ya kunong'ona iliyofika hadi jukwaani kama wale wawili wamekosana. Tabasamu la binamu lilibaki usoni muda, halina mwenyewe, kisha likaondoka. Mke mwenzangu alitoa leso mdomoni. Kando ya kamera mtayarishaji alinionyesha dole gumba.

Igizo la mwisho lilikuwa lake, na lilifuata papo hapo. Mimi niliambiwa nibaki kwenye kiti pembeni mwa jukwaa. Bibi kizee aliingia, akakaa kwenye mkeka, akatakiwa aanze kumsema jirani. Hakuanza. Alirekebisha miwani. Akaangalia mkeka. Mwigizaji aliyekuwa jirani akamrushia mstari wake, akamrushia tena kwa maneno mengine. Binamu akafungua mdomo, akaufunga. Nilimwona mtayarishaji akishusha dole gumba taratibu, akaweka mkono kichwani. Simu yake moja ikawaka.

Nilijua kilichomkaa kooni. Nilikuwa nimekiweka mimi.

Kipaza sauti changu walikuwa hawajakizima. Sikufikiri sana; ningefikiri ningekaa kimya.

"We mume wangu," nikasema, "kama umekufa sema, tukachimbe kaburi kabla udongo haujapanda bei."

Kichwa kikainuka. Aliniangalia juu ya miwani, na kwa kitambo sikujua ni nani anayeniangalia, bibi kizee au mtoto wa mjomba.

"Chimba," akasema. "Lakini chimba pana, mke wangu. Nikifa naondoka na ulimi wako, na huo peke yake unataka kaburi lake."

Ukumbi ulipasuka. Mtu alianguka na kiti. Binamu akangoja, akangoja hasa, kicheko kikaanza kushuka, ndipo akamgeukia jirani na igizo likaenda. Kila neno lilifika mpaka mwisho wake. Walio nyuma walicheka kwa sababu zao wenyewe.

Baadaye mtayarishaji alipokea simu mlangoni, kidole kimoja sikioni. Nilikuwa nakunja mapazia, maana msimu umekwisha na nilikuwa nimewaahidi kuyafua kabla ya msimu ujao. Alikuja akasema wakubwa hawakuelewa kilichotokea pale mwisho, lakini hawakubadilisha stesheni, na bibi anabaki. Nikamwambia asiwaeleze. Akasema hata angetaka asingeweza.

Binamu alitoka na buibui lake mkononi. Nilimfuata nimweleze yote: Nairobi, zile sauti, lori la taka. Alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akauliza jambo moja.

"Lile la kumeza maneno. Ulilisema kwa ajili yao, au ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na msimu wote ulikuwa unaliona."

"Nilikuwa nalitia kwenye matusi. Nilidhani unalichukua."

"Kwenye matusi mtu huchukua analotaka," akasema. Akaniaga, na mkewe akamshika mkono wakaenda.

Msimu mpya umeanza. Anasema maneno yake yote, na nikiwa mkweli yeye ndiye bora kuliko wote. Natuma sauti kundini kama zamani, nimemtupa Mwakirunge mara kadhaa. Ananijibu kwa maandishi: asante, nimepokea. Mke mwenzangu aliniambia nimpe muda, nikamuuliza muda wa bei gani, akacheka peke yake.

Wiki iliyopita binamu alikuja kibandani kwangu. Akaamkua vizuri, akauliza hali za nyumbani, akachagua pazia la kijani. Nikamtajia bei ninayowatajia watalii waliopotea. Akaingiza mkono mfukoni.

"Hubishani?" nikamuuliza.

"Bei ni nzuri, dada."

Nikashika pembe ya pazia. Naye alikuwa ameshashika nyingine. Uso wake ulikuwa vilevile kama siku ya kikombe cha uji, hauonyeshi kitu, na sikuweza kujua kama ananilipa au ananilipiza. Akavuta kidogo. Nikavuta. Wateja wawili waliokuwa nyuma yake walianza kutuangalia, na hakuna kati yetu aliyeachia.