Karatasi za Kung'arishia Vioo

Watu wa Gitega wanaamini kusafisha vioo ni ndoo, sabuni na mtu mwenye mikono miwili. Mteja mmoja wa mtaa wa Musinzira aliwahi kunitazama nikishuka ngazi, akasema, "We, kazi yako iko rahisi, unapapasa tu." Nilimwitikia kwa heshima zote. Sikumwambia kwamba maji ya kupapasia niliyafuata bondeni kwa baiskeli tangu alfajiri, kwa sababu mabomba yalikuwa makavu siku ya tatu, wala kwamba kioo cha kiangazi kina vumbi jekundu ambalo ukilifanyia haraka linageuka tope. Na ngazi yenyewe! Tukipata kazi mji wa mbali kama Muyinga, inafungwa juu ya gari na kulipiwa nauli kama abiria, ila haisaidii kubeba ndoo.

Kazi hii naifanya na Mkongomani mmoja wa Uvira. Namwita Pasta, kwa sababu hapandi ngazi kabla ya kuiombea, na ngazi ina vidato vinane tu. Yeye ananiita Hadji, ingawa safari yangu ndefu kabisa ya kuelekea Maka iliishia Muyinga.

Siri yetu kubwa ni karatasi. Kitambaa huacha nyuzi, mpira wa kukaushia ukichakaa hupati mwingine upesi, na magazeti ni ya kutafuta kwa tochi. Kioo kinamaliziwa kwa karatasi nyepesi iliyoandikwa, na sisi tunaamini kwamba wino ukiwa mwingi, kioo kinang'aa zaidi. Karatasi za namna hiyo mimi nilizioa. Mke wangu ni mwalimu wa darasa la sita. Mitihani ya zamani, ikishasahihishwa na wazazi kuiona, huishia kwenye gunia nyuma ya mlango wetu, na mimi natia mkono humo bila kubisha hodi. Watoto wa mtaa mzima wameng'arisha madirisha ya Gitega bila kujua.

Mwezi wa sita mmoja tuliitwa Muyinga, kwenye nyumba mpya ya wageni yenye madirisha mengi, na wageni wa kwanza walitegemewa kesho yake. Gari la asubuhi halimsubiri mtu, hasa siku hizi ambapo mafuta ni ya bahati. Umeme ulikuwa umekatika. Ningeweza kuwasha simu nipate mwanga, lakini mwanamume anaijua nyumba yake. Nikapapasa, nikashika furushi la karatasi, nikatoka.

Tulikuwa tumemaliza madirisha matatu pale Pasta alipokunjua karatasi, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hadji, hii makaratasi haina rouge."

"Rouge gani?"

"Bibi yako anasahihishaka na bic nyekundu. Huku hakuna hata vrai ya jibu ya sawa, hakuna hata faux ya kosa."

Nilishuka ngazi bila kugusa vidato vingine. Gunia lilikuwa nyuma ya mlango. Furushi hili nililitoa kwenye kiti kilicho jirani yake. Ilikuwa mitihani ya mwisho wa mwaka ya darasa lake, bado haijasahihishwa. Alama zilitakiwa kwa mkurugenzi wa shule wiki ile ile, na ndizo zinazoamua nani anapanda darasa na nani anarudia. Darasa zima lilikuwa kwenye ndoo yangu ya vifaa, isiyo na maji, na watoto kumi na mmoja walikuwa wamelowa. Niliogopa kweli. Kwanza nilimwogopa mke wangu, halafu nikawaogopa wale watoto zaidi.

Pasta safari hii hakuomba. Alichukua karatasi moja iliyokunjamana, akaibandika kwenye kioo kilichokuwa bado na majimaji, akainyoosha polepole kwa mpira. "Tuanike hapa. Jua iko." Karatasi ikashika kioo, ikatulia. Tukabandika zote kumi na moja upande wa mbele, mmoja juu ya ngazi, mwingine akipepea kwa kofia.

Mwenye nyumba alifika hapo hapo, kanzu imepigwa pasi, tumbo likimtangulia.

"Eh! Mi nimeita watu wa kusafisha, nyinyi munanipakia makaratasi kwa madirisha?"

Nilimweleza yote, sikubakiza. Alisogelea kioo ili ahakikishe simdanganyi, akaanza kusoma. Mabega yakamtikisika.

"Donc huyu anasema moyo iko na vyumba nne na salon?"

Akasoma zote zilizosomeka, akahukumu majibu kama mkaguzi, kisha akatukubalia tuziache hadi zikauke, kwa sharti kwamba madirisha ya mbele tutayaosha upya, bure. Maji yakafuatwa tena.

Karatasi nane zilibanduka zikiwa kavu, zimenyooka kuliko zilivyotoka nyumbani. Tatu zilikuwa zimekwisha, hazisomeki. Ndizo tulizoanza nazo, tena tulizichagua sisi wenyewe, kwa sababu ndizo zilizojaa maandishi.

Mke wangu alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na Kiswahili chake hakina kona. Nilipomkabidhi furushi jioni na kumweleza, aliita orodha ya darasa peke yake mezani, akapata majina matatu yasiyo na karatasi.

"Baba watoto, maneno ninayo mengi, lakini ni ya baadaye. Kesho utakuja darasani uwaambie wewe mwenyewe."

Mkurugenzi alikubali watatu hao wafanye mtihani mwingine, baada ya kumsema mke wangu mbele ya walimu wenzake kwa kosa langu. Hilo aliniambia kwa sentensi moja tu, na iliniuma kuliko kama angenigombeza usiku kucha.

Darasani niliomba radhi nimesimama ubaoni. Mvulana mmoja alifurahi waziwazi, maana alikuwa ameshatazama majibu kwenye daftari, akaona alikosea mengi. Wa pili alinyanyua mabega. Wa tatu alikuwa msichana mrefu kuliko wenzake, aliyekuwa amerudia darasa lile mara mbili. Alisimama kama wanavyofundishwa.

"Muzee, mi nilikuwa nimejibu maswali zote. Ni mara ya kwanza."

Hakusema kwa hasira. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mtihani wa pili ulikuwa na maswali mengine. Mke wangu aliusahihisha nyumbani, nami nimekaa ng'ambo ya meza. Karatasi ya yule msichana ilikuwa na nafasi tupu nyingi. Mke wangu alishika kalamu juu ya nafasi moja muda mrefu. Machozi yalimtoka, lakini hakumwongezea hata alama moja.

Msichana alipanda darasa kwa tofauti ya alama mbili, namshukuru Mungu. Lakini ile karatasi ya kwanza, aliyojibu maswali yote, mtu wa mwisho kuishika ni mimi, na sikuisoma.